Mgongo wa Nyanya, Kifua cha Mama Jirani

Niliona mgongo wake kwanza. Alikuwa ameinama juu ya beseni la sambaza pale Kituku, sokoni kando ya ziwa, boti yetu kutoka Bukavu ikiwa bado inajipenyeza kati ya mitumbwi, nami nimesimama na mzigo wangu nikingojea ubao wa kushukia. Mgongo wa sweta yake ulikuwa wa kahawia, umefumwa kwa mkono mgumu, vitanzi vimebanana. Kisha akageuka kumjibu mteja. Kifua kilikuwa cha kijani, kimefumwa kwa mkono mlegevu, tena kirefu kuliko mgongo, kinaning'inia mbele. Rafiki yangu, nilisahau ubao. Watu walinisukuma kwa nyuma, na baba mmoja akaniuliza kama nimekuja Goma kushangaa samaki.

Niliposhuka nilikwenda moja kwa moja kwa yule mama. Sikuuliza hata bei.

"Mama, samahani. Hiyo triko, nani alikufanyia?"

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu asiyekuja kununua. "Kifua ni ya mama moja wa Kanyaruchinya, kule kambini. Mugongo ni ya dada yangu."

"Juu ya nini huyo mama hakufanya yote?"

"Eh! Huyo? Anakataa. Anafanya paka kifua, kifua tu. Anakuambia enda utafute mutu wa mugongo, kisha utafute mwingine wa kuunga." Akacheka, akatikisa maji kwenye kiganja. "Ni uzee tu."

Haukuwa uzee. Nilinunua sambaza nisizozihitaji, ili tu nipate kusimama pale niitazame tena. Ile ilikuwa sheria, na sheria hiyo naijua ilipozaliwa.

Ilizaliwa uani kwetu, nyuma ya nyumba ya mbao, kwenye kiwanja kidogo cha mawe meusi ambayo volkano ilitutapikia kabla Nyanya hajazaliwa. Nyanya alitoka upande wa Butembo, akaolewa Goma na mfanyabiashara wa maharagi, na katika mizigo yake ya harusi alikuja na sindano za kufumia. Usifikirie sindano za dukani. Zilikuwa spoku za gurudumu la baiskeli, zimenolewa juu ya jiwe mpaka ncha zikawa laini. Goma ina baridi ambayo wageni hawaiamini. Wanaona ziwa, wanaona migomba, wanadhani ni joto. Ungewauliza asubuhi ya mvua, ukungu ukishuka kutoka mlimani na lile vumbi jeusi limegeuka tope, kama bado wanaamini hivyo.

Alasiri, maharagi yakishatulia motoni, wanawake walikuja kila mmoja na kigoda chake. Sweta sisi tuliita triko, na uzi mpya hatukuwa nao. Sokoni walinunua sweta kuukuu, zile zilizochakaa viwiko, wakazileta tuzifumue. Kufumua ilikuwa kazi yangu, na niliipenda kupita zote. Unautafuta uzi wa mwanzo chini ya kwapa, ukiupata unavuta, na sweta nzima inalia krrr, krrr, safu kwa safu, mpaka inakwisha mikononi mwako. Kisha tunaufua uzi kwa sabuni, tunauzungusha kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa ili unyooke, tunakiweka kando ya mbabula, jiko letu la makaa. Harufu ya sufu mbichi, makaa na maharagi pamoja, hiyo ndiyo harufu ya kwetu. Hadi leo ikinipata mahali, nageuka kumtafuta mtu.

Sasa, sweta moja kuukuu haitoi sweta nzima. Uzi umeoza viwikoni, unakatika kwenye mishono, mwisho unabaki na wa kutosha mgongo tu. Basi wanawake walichanga. Huyu anafuma mgongo, yule anafuma kifua, mikono inafumwa na yeyote mwenye mabaki. Na kwa kuwa watu wawili wakiunga kitu kimoja lazima wagombane, kila mmoja akivutia upande wake, kuunga akapewa mtu wa tatu. Ndivyo ilivyoanza, kwa umaskini. Lakini nilipopata akili ilikuwa imeshakuwa sheria kama kufunga Ijumaa Kuu. Hata aliyepata uzi wa kutosha hakuthubutu kufuma sweta yote mwenyewe. Wangemcheka. "Unataka kujifunga peke yako kama hindi ndani ya maganda yake?"

Nyanya alikuwa mtu wa migongo. Mtu wa vifua alikuwa Mama Jirani, aliyekaa nyumba inayopakana na yetu, mama mrefu aliyetoka Rutshuru, nyumbani kwao wanasema Kinyarwanda. Alikuja na chupa ya maziwa ya mgando kutoka kwa ng'ombe wa kaka zake, na akicheka alijiziba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayechelea meno yasidondoke. Wa kuunga alikuwa Mama Katekista, mke wa katekista wa parokia yetu, mdogo, miwani imefungwa kwa kamba. Mshono wake usingeuona hata ukiutafuta kwa taa. Walikuwapo na wengine waliokuja na kuondoka, lakini hao watatu ndio walikuwa moto wenyewe. Nyanya alihesabu vitanzi kwa Kinande, Mama Jirani kwa Kinyarwanda, Mama Katekista kwa Kifaransa, jinsi alivyofundishwa na masista. Mimi nilisikia hesabu zote tatu zikipanda kwa pamoja na sikuwahi kuona kwamba hilo ni jambo la kusema.

Walipima kwa shibiri. Wanakubaliana shibiri ngapi, halafu kila mmoja anakwenda kwake kupima kwa mkono wake. Na mkono wa Nyanya ulikuwa mfupi, wa Mama Jirani mrefu kama jani la mgomba. Matokeo unayajua. Sweta zetu zote zilikuwa ndefu mbele, fupi nyuma. Watoto wa avenyu yetu, mtaa mzima, tulijulikana shuleni kwa hilo: tumbo limefunikwa, kiuno kiko kwenye upepo. Siku moja mwalimu akatusimamisha mbele ya darasa akauliza kama mama zetu wanafuma wamefumba macho. Nilipomweleza Nyanya, hakucheka.

"Mwambie mwalimu, tumbo njo inakulaka baridi ya kwanza."

Mama Jirani ndiye aliyecheka mpaka akaangusha sindano. "Mama, si ukubali tu mukono yako ni fupi!"

"Ni yako njo ndefu. Unapimia watu majitu."

Walibishana hivyo miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kupima kwa kamba.

Kisha ukaja mwaka wa wakimbizi. Walivuka mpaka wakisema Kinyarwanda, wakiwa wengi hata barabara ikapotea chini ya miguu yao, na magodoro, na sufuria, na wazee juu ya migongo ya vijana. Walikaa mpaka kwenye ngazi za kanisa. Miti ikakatwa, moshi ukakaa juu ya mji, halafu maradhi yakaanza. Sitakueleza yote niliyoyaona kando ya barabara. Nyanya alinifunika macho kwa kitenge chake, lakini harufu haifunikwi na kitenge.

Uani kwetu kazi zote zilisimama. Wanawake wakaanza kufuma vitu vidogo tu, kofia na soksi za watoto wachanga, kwa sababu juu ya yale mawe watoto walikufa kwa baridi pia. Uzi ukaisha. Wakafumua za kwao. Alasiri moja Nyanya akaniita, akanitazama kifuani, akasema, "Vua."

Ilikuwa sweta yangu nyekundu, niliyoipenda kuliko chakula. Niliivua ikiwa bado na joto la mwili wangu, na mara hii hawakunipa mimi niifumue. Nyanya alivuta mwenyewe, nami nimesimama na singlendi, nikilia kwa hasira. Mama Jirani akanivuta magotini kwake.

"Nyamaza, mwanangu. Yako nitakufanyia miye, kifua. Ya komunyo. Utaona."

Hapo ndipo nilipoanza kungoja. Jumapili ya Komunyo ya Kwanza ilikuwa mbali, lakini niliishika ile ahadi kama mtu anavyoshika kamba ya ng'ombe. Kanisa letu lilikuwa la mawe, na kwenye gauni jeupe jepesi mtoto bila sweta alitetemeka mbele ya watu wote. Mimi sitatetemeka. Nyanya akatoa sandukuni sweta ya bluu ya Babu, ambayo hakuna aliyeigusa tangu mazishi, akaifumua polepole. Mama Jirani akafumua shali nyeupe aliyowabebea watoto wake wote mgongoni. Wakapatana shibiri. Mama Katekista akanipima mabega, akasema ataunga kwa uzi mwembamba, mshono usionekane na Mungu mwenyewe.

Lakini wakimbizi walipokaa, na wenye silaha wakaongezeka vilimani, maneno ya watu yakabadilika. Mji ulianza kuhesabu lugha. Kwenye bomba la maji nilisikia watu wakisema "bale", kama kusema wale, huku wakielekeza kidevu kwenye nyumba ya Mama Jirani. Binti yake, wa umri wangu, ambaye nilicheza naye kamba kila siku, aliniambia kwamba wajomba zake wamemkataza mama yake kuja kwetu.

"Na mama amesema nini?"

"Amesema anakuja kuona vipimo."

Alasiri moja alikuja mkubwa wa avenyu, mzee mwenye kofia, mtu asiye mbaya. Akakaa kwenye kigoda cha Mama Katekista, ambaye siku hiyo hakuwapo.

"Mama, batu banasema. Banasema huyu jirani, bandugu zake bako na bale ba bunduki. Miye ninakupenda, njo maana nakuambia. Afazali umuache."

Nyanya alifuma mpaka mwisho wa safu. Hakuwa mtu wa kuacha safu katikati, hata kwa askofu.

"Muzee, kifua ya mutoto wangu iko kwake. Nitamuacha namna gani?"

Yule mzee akatikisa kichwa, akadhani anasema mafumbo. Nyanya alikuwa anasema sweta. Au labda alikuwa anasema vyote viwili, sijui. Mimi wakati ule nilijua tu kwamba kifua changu kiko salama.

Aliyeacha kuja ni Mama Katekista. Kwanza tukaambiwa mguu unamuuma. Kisha tukaambiwa kuna wageni. Kisha hatukuambiwa kitu. Nilimkuta parokiani, akainama kutafuta kitu kwenye kikapu chake mpaka nikapita. Sikumchukia. Mume wake alikuwa ameonywa mara nyingi, na wao walikuwa na watoto wengi. Nyanya aliendelea kukitoa kigoda chake kila alasiri, akakiweka mahali pake.

Mgongo ukaisha. Kifua kikaisha, na hata mikono ikaisha, mmoja wa bluu na mmoja mweupe. Vikalala magotini mwa wale wanawake wawili, vimetandazwa, na mimi nimesimama mbele yao nikiviangalia. Vilibakia kuungwa tu. Jumapili ya komunyo ilikuwa karibu sana. Nikawasihi. Nikasema Nyanya anajua kuunga, Mama Jirani anajua kuunga, hata mimi naweza.

Waliangaliana. Nyanya akasema, "Kuunga ni ya Mama Katekista."

"Lakini haji!"

"Tukiunga siye, ni kusema tumekubali hatakuja tena." Akakunja mgongo wake. "Atakuja."

Mama Jirani akakunja kifua chake, na mkono wake mweupe, akavitia kwenye kikapu. Alinishika shavu, lakini hakumpinga Nyanya. Ndivyo walivyokuwa. Kazi ambayo haijaungwa, kila mmoja analala na kipande chake. Wangeweza kumaliza alasiri ile ile, kabla ugali haujaiva, na maisha yangu yangekuwa na sweta moja zaidi na hadithi moja pungufu. Niliwakasirikia miaka mingi kwa ukaidi huo. Leo nikifikiria sura ya Nyanya alipokuwa anakunja ule mgongo, siwezi tena.

Mabomu yalianza asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya maji. Bido za maji zikabaki zimejipanga zenyewe barabarani. Mama yangu mzazi aliacha biashara yake sokoni akaja mbio, Nyanya akafunga sufuria kubwa ndani ya kitenge, na nikaona anatia mule ule mgongo wa bluu na mkono wake, kabla ya unga, kabla ya chumvi. Njia panda watu waligawanyika. Sisi tulikuwa tunasukumwa upande wa Sake, na upande wa pili, kati ya magodoro na chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, na mbuzi, nikamwona Mama Jirani kwa urefu wake, anasukumwa upande wa Rutshuru, amemshika binti yake mkono.

Nyanya hakuita jina lake. Aliita, "Kifua!"

Mama Jirani akageuka. Akajipiga kifuani kwa kiganja, mara nyingi, pale blauzi ilipovimba. "Niko nayo!" Nyanya akainua sufuria juu ya vichwa vya watu. Kisha watu wakajaa kati yetu, na huko ndiko kuagana kwao.

Tuliporudi, bunduki zikiwa zimenyamaza kidogo, nyumba ya Mama Jirani ilikuwa na watu wengine, wenye mapazia mengine. Hawakujua kitu. Komunyo niliipata baadaye, na gauni la kuazima, nikatetemeka kama nilivyoogopa.

Na sikiliza hili. Haukupita muda mrefu, alasiri moja mlango wa uani ukagongwa, akaingia Mama Katekista. Amekonda, miwani ina kioo kimoja. Hakusalimu. Akakaa kwenye kigoda chake, akatoa sindano ya kuungia ikiwa imeshatungwa uzi mwembamba, akainyoosha mikono.

"Leteni. Nimekuja kuunga."

Nyanya aliingia ndani, akatoka na ule mgongo na ule mkono wa bluu, akaviweka magotini mwake. Mama Katekista akavigeuza, akatazama chini ya kigoda, akatazama nyumba ya jirani yenye mapazia mapya. Akaelewa. Sijawahi kumsikia mtu mzima akilia namna ile, na sindano bado iko mkononi. Nyanya hakumlaumu hata kwa neno moja. Alimpa chai ya tangawizi, akamshikia kikombe.

Ule mgongo ulikaa nasi. Kila msimu wa mvua Nyanya aliutoa, akaukung'uta, akaukagua kama nondo wameingia, akaurudisha. Mimi nilikuwa nakua, mabega yanapanuka, nikamwambia aongeze. Uzi wa bluu ulikuwepo.

"Hapana. Tulipatana shibiri. Nikiongeza, itakosana na ya kwake."

Miaka ikapita, volkano nayo ikashuka mjini. Moto ulipita juu ya uwanja wetu, juu ya nyumba ya mbao, juu ya nyumba ya mapazia mapya, haukuchagua lugha. Tulikimbia tena, na mgongo, bila mkono wake, ukiwa tena ndani ya sufuria. Sufuria hiyo tuliibeba hadi Bukavu, na Bukavu ndiko nilikoolewa, na ndiko Nyanya alikofia, kitandani mwangu, bila kelele. Kati ya maneno yake ya mwisho mwisho aliniambia, "Ukimuona, umwambie sikugusa vipimo." Nilimjibu ndiyo, kama unavyomjibu mgonjwa. Sikuamini kama yule mwingine yuko hai.

Sasa unaelewa kwa nini nilisahau ubao pale Kituku.

Sikwenda Kanyaruchinya siku hiyo. Kwenda mikono mitupu nisingeweza. Nilirudi Bukavu kwa boti ya kwanza niliyoipata, nikafungua sanduku, nikatoa mgongo, nikarudi.

Kambi ilikuwa juu ya mawe yale yale meusi niliyolelewa juu yake. Mahema ya plastiki yamebanana, moshi mdogo mdogo, kikohozi kila mahali. Niliulizia mama anayefuma. Watoto wakanichekea: "Mama wa Vifua!" Wakanipeleka mbio. Alikuwa amekaa juu ya kopo la mafuta mbele ya hema lake, urefu wote umekunjika, na mikononi mwake niliona spoku za baiskeli zinakwenda.

"Jambo, mama."

"Jambo. Uko wa nani?"

"Miye mujukuu wa mama wa migongo. Kule kwa mawe."

Sindano zilisimama katikati ya safu. Hakulia, hakunikumbatia. Alisema, "Geuka."

Nikageuka. Nikasikia mkono wake ukinipima shibiri kwa shibiri, kutoka bega hadi bega, na ukirudia, kwa sababu alitaka kuhakikisha. Kisha akamwita mama mmoja aliyekuwa anachambua maharagi ndani ya hema, mwenye mvi kama zangu. Ndiye aliyecheza kamba nami. "Leta kile kitu."

Kilitoka ndani ya foronya. Kilikuwa kifua, lakini si kile nilichokijua. Juu, shingoni, kulikuwa na weupe wa shali. Chini yake na pembeni zilifuata rangi nyingine, mkanda wa manjano, mkanda wa kijani wa sare ya shule, wa kijivu wa blanketi la msaada, wa zambarau, kila mmoja mpana kuliko uliotangulia. Kilikuwa kifua cha mwanamke mzima.

"Nilikuwa nakupima kwa huyu," akasema, akimwonyesha binti yake. "Mulikuwa sawasawa. Akiongezeka, ninasema, na yule kule ameongezeka. Ninafumua, ninaanza tena. Nyeupe haikutosha, hata nilipofumua ule mukono wa triko. Kila mahali tulikimbilia nilitafuta uzi wa hapo. Sikutaka tukutane triko ikukatae."

Akaniwekea kifuani. Kilinikaa, rafiki yangu. Kilinikaa kama nimepimwa jana.

"Na mugongo?"

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa tangu botini. Niliutoa mkobani. Ulikuwa mdogo zaidi ya ninavyoukumbuka, bluu safi, bila tundu la nondo hata moja. Nikasema lile neno nililotumwa, nikalisema lote, "Alisema nikuambie hakugusa vipimo."

Aliupokea kwa mikono miwili. Akanigeuza tena, akaniwekea mgongoni. Haukufika popote. Ulifunika pale kati ya mabega tu, mahali ambapo mtu hujipapasa akakosa kufika. Mkono wake ukabaki hapo juu yake, umeukandamiza, na nikamsikia anaanza kucheka, nikajua bila kutazama kwamba amejiziba mdomo kwa mkono mwingine.

"Shibiri ya nyanya yako! Eh, huyu mama! Sikuzote ilikuwa fupi."

Alicheka mpaka kicheko kikageuka. Binti yake akatazama upande wa mlima. Mimi sikugeuka, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado mgongoni mwangu na sikutaka auondoe. Mmoja aliheshimu vipimo, mwingine alimfuata mtoto, na wote wawili walikuwa wananingoja.

Baadaye, tukinywa chai, nilisema ninaweza kuufumua mgongo, niuongeze.

"Usiguse! Mukono ya nyanya yako iko mule."

Jua lilipoinama niliaga. Alitia mwenyewe kifua kwenye mkoba wangu. Mgongo ulikuwa umekunjwa magotini mwake, viganja viko juu yake, na hakunirudishia, wala sikuuomba. Ilikuwa zamu yake kulala nao. "Tafuta wa tatu," akaniambia. "Mutu wa kuunga. Ukimupata, kuja naye, tutaona namna ya kufanya." Nikamwambia nitakuja.

Nilikuja. Lakini vita ilikuwa imetangulia kufika. Watu walikuwa wameambiwa na wenye bunduki waondoke, kila mtu arudi kwao, hata wasio na kwao. Nilikuta mawe meusi, vipande vya plastiki, mafiga yaliyopoa. Watoto wa kunichekea hawakuwapo. Nilikwenda Kituku kumtafuta mama wa sambaza, na mahali pake alikaa mwingine, hajui kitu.

Uwanja wetu uko chini ya mwamba, na juu yake wamejenga tena. Mama Katekista alishatangulia kwa Mungu. Hesabu ya vitanzi kwa lugha tatu siisikii tena popote, na watoto wa Goma siku hizi wanavaa sweta za dukani, mbele na nyuma sawa. Ni nzuri. Hazinikumbushi mtu.

Bukavu nako kuna baridi asubuhi. Nikiamka kabla ya watu, nakivaa kile kifua juu ya gauni, nakifunga nyuma kwa nyuzi mbili, nawasha mbabula. Watoto wangu wananicheka, wanasema Mama amevaa aproni. Nawaacha wacheke. Kwa mbele nina joto, kweli nina joto. Ni mgongo tu unaosikia baridi.